Bi Ngoja na jibu moja alilolitoa bila kungoja

Saa tatu na robo asubuhi, Jumatano, kalamu ya Bi Ngoja inasimama katikati ya mstari.

Mbele yake, kwenye mkeka, amekaa muuguzi wa wodi ya wanaume aliyetoka zamu moja kwa moja. Amekuja kuuliza dua ya kumwombea kaka yake. Mtalaka wa kaka huyo anaolewa na mwanamume mwingine keshokutwa, Ijumaa alasiri, na kaka mtu hali, halali, ameshinda ukutani kama aliyefiwa.

"Mimi tangu ile talaka ya hospitali nilijua ndoa ile haina maisha," anasema muuguzi, huku akijipepea kwa ncha ya mtandio.

"Hospitali gani tena, mwanangu?"

"Si ile talaka ya pili, Mwalimu! Alipolazwa na malaria iliyompanda kichwani. Siku mbili nzima ananiita mama, na mimi mdogo wake! Anasema kitanda kinazama, tumtoe. Ndipo akamgeukia mkewe, akamwambia nimekuacha, toka. Alipopata nafuu hakukumbuka hata kama alilazwa."

Bi Ngoja anavua miwani, anaifuta, anaivaa, anaivua tena. Kisha anauliza kwa sauti ambayo mwandishi hajaisikia asubuhi yote: "Na nani aliihesabu hiyo kuwa talaka?"

"Sote, Mwalimu. Mke, mume, mama yetu. Kwani haihesabiwi?"

 Anainuka, anakwenda kwenye rafu ya madaftari.

Niseme ukweli: tulikwenda pale kuandika makala ya upole. Tuliambiwa kuna mama wa miaka hamsini na minane, fundi wa sare za shule, ambaye kila asubuhi huwafasiria wanawake maandiko ya dini katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na mchana hurudi kwenye cherehani. Wanawake wenye haya ya kwenda kuwauliza wanaume mambo ya unyumba, uzazi na mirathi huja kwake. Hupokea maswali kumi hadi kumi na tano kwa wiki na hatozi chochote. Kinachomlisha ni sare.

Jina la Bi Ngoja alipewa na wanafunzi wake, kwa utani. Ukimuuliza jambo, jibu lake la kwanza ni lilelile: "Ngoja." Huandika swali kwenye daftari, humsomea muulizaji, humuuliza tena kila kitu, hata yale ya aibu. "Mficha uchi hazai," huwaambia. Kisha hufungua vitabu, na jibu hutoka kesho yake au wiki ijayo. Ana madaftari ishirini na matatu. Amesoma tangu utotoni kwa marehemu baba yake, kisha miaka kumi na mmoja kwa mzee mmoja ambaye bado yu hai na bado humkosoa kwa simu.

"Watu hudhani kazi yetu ni kujua majibu," alituambia nusu saa tu kabla muuguzi hajabisha hodi. "Wapi! Majibu yamo vitabuni, yametulia. Kazi ni kujua umeulizwa nini."

Sasa amepekua daftari la mwaka huu na la mwaka jana. Swali analolitafuta halimo, na anajua kwa nini halimo.

Miezi minane nyuma, mke huyo alimpigia simu akilia. Bi Ngoja alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa wodi ya wazazi, bintiye yumo chumba cha upasuaji, madaktari wanaingia na kutoka. Mke alisema: mume wangu ameniacha, tumegombana, sasa anataka kunirudia. Bi Ngoja akauliza: hii ni ya ngapi? Mke akajibu: ya tatu. Bi Ngoja akasema: basi mwanangu, imekwisha, hamrudiani. Akakata simu, akarudi kwenye mlango wa upasuaji.

Kwa asiyejua: mume anaweza kumwacha mkewe na wakarudiana, mara ya kwanza na mara ya pili. Ya tatu ikishatoka, hawana njia ya kurudiana, labda mke aolewe kwingine na ndoa hiyo nayo ivunjike yenyewe. Lakini maneno ya mtu ambaye homa imemtoa akilini, asiyejua yuko wapi wala anasema na nani, hayaachi mke. Kwa hiyo ile ya hospitali haikuwa kitu. Ile ya tatu ilikuwa ya pili, na mlango ulikuwa wazi.

"Sikumuuliza zile mbili za kwanza zilikuwaje," anasema Bi Ngoja, macho yakiwa sakafuni. "Swali ninalomuuliza kila mtu. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeliuliza. Yeye sikumuuliza. Ee Mola wangu!"

Muuguzi ameshaelewa. Anaanza kulia, kisha anakasirika katikati ya kilio. "Mwalimu, anaolewa keshokutwa!"

"Nimesikia. Niletee cheti cha hospitali."

Hata sasa, na Ijumaa inakuja mbio, hataki kwenda na maneno ya mtu mmoja. Kufikia saa saba mchana ameshika cheti cha kuruhusiwa kutoka wodini, na tarehe inalingana. Amezungumza na mume kwa simu, akamuuliza maswali kumi na saba, mwandishi ameyahesabu. Amempigia mzee wake wa zamani, naye alimsikiliza mpaka mwisho, akasema maneno machache tu: "Umekosea. Nenda kamwambie. Usinipigie tena mpaka uwe umemwambia."

Saa tisa anafika kaka mkubwa wa Bi Ngoja, imamu wa msikiti wa mtaa ule. Amesikia, maana mtaa hauna siri. Hakai. Anazungumza akiwa amesimama mlangoni, funguo za pikipiki mkononi.

"Dada yangu, nikuulize kielimu. Ndoa ya Ijumaa ni halali au si halali?"

"Halali. Eda yake ilikwisha zamani, yuko huru kuolewa na amtakaye."

"Basi! Hakuna haramu iliyofanyika, hakuna itakayofanyika. Unakwenda kumwambia ili iweje? Uvunje shughuli ya watu? Unajua wako wangapi wanaongoja siku moja tu waseme, si tuliwaambia, mwanamke na vitabu wapi na wapi? Funika kombe, mwanaharamu apite."

"Na mwanaharamu mwenyewe nani, kaka? Mimi?"

Kaka mtu anacheka bila kutaka, kisha anakunja uso. "Sitanii. Utajimaliza. Na darasa lako utalimaliza."

"Alikubali posa ile kwa sababu nilimwambia nyuma yake kuna ukuta," anajibu Bi Ngoja. "Ukuta haupo. Akitaka kwenda mbele aende, lakini aende akijua haupo. Mimi ndiye niliyempa habari ya uongo kwa jina la dini, sasa ninyamaze ili nani apone? Mimi?"

Imamu anaondoka bila kuaga. Anapiga kiki ya pikipiki mara nne ndipo inawaka.

Alhamisi, saa nne asubuhi, tunaongozana naye kwa miguu.  Njiani mara mbili anasimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na mara mbili anaendelea.

Uani kwa bibi harusi viti vya kukodi vimeshapangwa, masufuria makubwa yamelazwa kifudifudi yakauke. Mama mtu anatukimbilia kwa bashasha. "Karibu Mwalimu! Umekuja kutubariki mapema!"

Bi Ngoja anaomba chumba, yeye, binti na mama tu. Anamweleza binti kwamba huyu aliyefuatana naye ni mwandishi, na akitaka atoke, atatoka. Binti, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja mwenye sauti ya chini, anamtazama mwandishi, kisha anamjibu Bi Ngoja. "Akae. Kama ni la siri usingekuja naye."

Bi Ngoja hakai kwenye kiti alichopewa. Anakaa sakafuni.

"Mwanangu, miezi minane iliyopita uliniuliza swali, nikakujibu. Nilikosea. Ile talaka ya hospitali haikuwa talaka, kwa sababu mumeo hakuwa na akili zake. Mlikuwa na mbili, si tatu. Mngeweza kurudiana siku ileile. Hata leo inawezekana, kwa ndoa mpya na mahari mapya, ukipenda wewe. Na ndoa ya kesho nayo ni halali, ukipenda wewe. Sikuja kukuchagulia. Nimekuja kwa sababu ulichagua kwa kosa langu."

Mama ndiye anayelipuka. "Leo? Leo, Mwalimu? Watu mia na ishirini wamealikwa! Ulikuwa wapi miezi yote hiyo? Huna hata haya!" Anapiga kofi mlango wa kabati, na kitu ndani kinaanguka.

Binti hajasogea.

"Kwa hiyo ungeniuliza swali moja tu," anasema.

"Ndiyo."

"Moja."

"Moja, mwanangu."

"Mimi nililala kwenye kitanda hiki nikilia mpaka macho yakavimba, nikamwambia asinipigie tena simu kwa sababu ni haramu. Alikuja akasimama pale nje kwenye jua, sikumfungulia. Nilisema, Mwalimu amesema. Nilikuamini wewe kuliko moyo wangu."

 Machozi yanamtoka Bi Ngoja na hayafuti. "Nisamehe," anasema.

"Toka, Mwalimu. Nakuheshimu, ndiyo maana nakwambia kwa taratibu. Toka."

Tunatoka. Nje mtu anauliza kama viti vinatosha.

Kilichofuata tulikisikia kwa muuguzi na kwa binti mwenyewe, ambaye baadaye aliridhia habari hii iandikwe. Alhamisi hiyohiyo jioni alimwita mchumba wake, muuza vifaa vya ujenzi, akamweleza yote mbele ya mama yake. Yule bwana aliisukuma chai yake pembeni. Kisha akasema: "Mimi nilitaka mke, sikutaka mtu aliyekosa njia. Kaa ufikiri. Ukinitaka unajua duka liliko." Ijumaa hakukuwa na harusi. Viti vilirudishwa.

Kwa mume wa zamani pia hajarudi. Muuguzi alimpelekea salamu za kaka yake, akajibiwa kwamba salamu zimefika na asiletewe nyingine kwa sasa. "Kila mtu ananiuliza nitakwenda kwa nani," binti alituambia. "Miezi minane nimeishi kwa maneno ya watu. Niacheni nikae kidogo na ya kwangu."

Bi Ngoja naye amelipa. Darasa lake la wanawake arobaini na mmoja limebaki na ishirini na wawili. Mama wa binti akimwona njiani huvuka upande wa pili. Sare za shule moja zimepelekwa kwa fundi mwingine, ingawa hakuna anayesema ni kwa sababu hiyo. Kaka yake imamu alimnunia siku tisa, na siku ya kumi alikuja akala, akamwambia: "Kichwa chako ni jiwe la kusagia." Kwa kaka huyo, hiyo ni suluhu.

Tuliporudi baada ya wiki tatu, tulimkuta mbele ya wanafunzi waliobaki, anawasimulia kosa lake tangu mwanzo, bila kuruka hata ukumbi wa wodi ya wazazi. Mmoja aliuliza kama si vyema kusitiri aibu. "Aibu yangu ningeisitiri," alijibu. "Hii imekwisha kuwa ya mtu mwingine." Halafu akawapangia kazi: kila mmoja alete wiki ijayo swali moja la kweli, na mwenzake aseme ni nini cha kuulizwa kabla ya kujibiwa. Anataka somo hilo liwe la kwanza kila mwaka, kabla ya kitabu chochote kufunguliwa. Pia hajibu tena kwa simu. Ukimpigia, atakuuliza unakaa wapi, na kama huwezi kuja atakuja yeye.

Tulimuuliza kama anatarajia kusamehewa.

"La, hilo ni lake na Mola wake," alisema, akikunja kitambaa cha sare magotini, akakikunjua, akakikunja tena. "Mlango wa ndoa niliufunga mimi, na umefunguka. Ninachokiogopa ni kwamba nimemfungia na ule mwingine. Kwamba sasa akipatwa na jambo atakaa nalo peke yake, hatauliza tena, si kwangu wala kwa mwingine. Natamani siku moja aje na swali, lolote lile. Hata akija kunipinga. Hata akija kunifokea, mradi mwishoni aulize."

Hadi tunaandika makala haya, hajaja.