Kiganja cha Mama Mkwe

Nilijifunza kunyoosha bodi za malori Mlandege, Iringa, na nilipohamia Mbeya na mke wangu, miaka michache baada ya vita, nilijiona fundi kamili. Ndipo likaja gari dogo jeusi la daktari mzee wa misheni, la zamani hata wakati ule. Lilikuwa limepinduka kwenye barabara ya kutoka Makongolosi. Yeye alitoka mzima. Gari lilitoka na mlango uliobonyea na madgadi ya mbele, lile bati la juu ya gurudumu, iliyokunjamana kama nguo iliyokamuliwa.

"Bodi yake haipatikani tena," aliniambia. "Gari hii imenifikisha kwa akina mama wengi wenye uchungu. Nirudishie sura yake."

Mlango niliumudu. Madgadi ikanishinda. Kila nilipogonga bonde kutoka ndani, bati lilitanuka na kuvimba mahali pengine. Nilipasha moto, nikapoza kwa maji, nikagonga tena. Wiki ya pili ikaisha, na nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mzee kwamba nimemharibia zaidi.

Wakati huo mama mkwe akaja kutusalimia. Alikuwa Mkisi, mfinyanzi kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, amepanda lori na vyungu vyake vya kuuza sokoni. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaongei uso kwa uso. Aliponikuta uani, niliinuka nikajibanza nyuma ya ukuta wa mabanzi. Mke wangu alinieleza baadaye kwamba mama alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya bati, kama apapasavyo chungu kibichi.

"Mwambie mumeo," alimwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia, "bonde analipiga bure. Kosa liko kwenye kilima kilicholizunguka. Akishushe kilima, taratibu, bonde litapanda."

"Mwambie mama hiki ni chuma, si udongo," nikajibu.

"Mwambie chuma nacho hutafuta pa kukimbilia. Na akimwagie maji, atayaona makosa yake."

Nilikasirika, sifichi. Nimesota miaka kwenye kazi hii, nifundishwe na mtu ambaye hajawahi kukaa ndani ya gari dogo! Lakini asubuhi, kabla hajaamka, nilimwaga kopo la maji juu ya madgadi. Bati likang'aa, na nikauona ukingo mwembamba ulioinuka kuzunguka bonde lote. Nikaegemeza kipande cha chuma chini ya bonde, nikagonga ukingo kwa juu, polepole. Bonde likaanza kupanda. Nilimwita mke wangu kwa kelele hadi jirani akaja.

Daktari alipoliona gari limeshapakwa rangi, aliipapasa madgadi akauliza, "Ni huku ilikoumia?"

Nikamweleza yote. Alivua kofia, akaenda mlangoni kumshukuru mama, akaomba ampeleke stendi yeye mwenyewe. Mama alikaa kiti cha mbele, chungu cha mwisho mapajani. Walipopita mbele yangu niliinamisha macho, kama ilivyopasa, nikitabasamu.

Shukrani zangu nilimwachia mke wangu azitume kwa lori, pamoja na blanketi. Jibu likarudi na lori la wiki iliyofuata: "Mwambie nikija tena aniwekee bati jingine lililomshinda."

Alikuja miaka mingi, na kila mara nilikuwa nalo.