Kompyuta Haidanganyi

Nikimkumbuka baba yangu na ile karatasi, nasikia haya mpaka masikioni.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kijijini kwetu Githongo. Binamu yangu aliyefanya kazi ofisini Nairobi alituletea karatasi ndefu yenye vitobo pembeni, eti ameitoa kwenye mtandao. Kwa wengi wetu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno hilo. Karatasi ilisema chanjo ya surua inalemaza watoto. Baba, karani wa kiwanda cha kahawa, aliwasomea watu waliopanga foleni na kahawa yao, akitafsiri kwa Kimeru kama anayehubiri.

Mimi niliisoma hadi chini. Kumbe aliyeiandika alikuwa anauza vidonge vyake vya kukinga watoto! Daktari gani aliyethibitisha hayo, hospitali gani, hakusema. Nikamwambia baba, "Lakini huyu ni mfanyabiashara tu."

"Nyamaza wewe! Kompyuta itadanganya ikitafuta nini?"

Basi, nani angebishana naye?

Kaka yangu alikuwa amepata kifungua mimba, na kwa desturi yetu mtoto akapewa jina la babu yake, yaani baba yangu. Kwa hiyo baba akamsemea kila kitu. "Huyu ni mimi," akasema, "na mimi sichomwi sindano." Kwetu mwanamke hamjibu baba mkwe wake, hata kidogo. Mke wa kaka akainamisha kichwa, siku ya kliniki ikapita.

Surua ikaingia kijijini wakati wa baridi. Mtoto akashikwa na homa kali, macho yakavimba, usaha ukatoka sikioni. Hospitalini, muuguzi alitazama kadi yake ya kliniki akawaka.

"Nani alikataza huyu mtoto achanjwe?"

Baba alikuwa papo hapo, kofia mkononi. Aki, niliomba Mungu amfungue mdomo. Akaangalia sakafu.

"Ni mimi, sista," mke wa kaka akasema. "Nilisahau."

Akagombezwa mbele ya wodi nzima, akaitwa mama mvivu, asiye na huruma. Baba akasimama tu, akikohoa. Nilitamani ardhi inimeze.

Mtoto alipona, Mungu asifiwe, ila sikio moja halisikii. Nyumbani hadi leo husemwa ni uzembe wa mama yake. Kijana mwenyewe anaamini hivyo, na humwambia mama yake mbele ya watu. Baba husikia, na huendelea kula.