Kigari cha Reli Nyuma ya Kware

Mimi ni fundi wa mageti. Nachomelea vyuma katika mtaa wa Kware, chini ya maghorofa yaliyobanana hadi jua hutufikia saa sita mchana tu, tena kwa muda mfupi. Nasema hili mapema kwa sababu wapo waliokuja kuniambia sijui lolote kuhusu usafiri wa mjini, na ni kweli sikuusomea. Lakini mimi nilikuwa na mama wa kufikisha kazini. Wao walikuwa na picha.

Mama alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni, Industrial Area. Kibarua hana nafasi inayomngoja. Ukifika kabla geti halijafungwa, unachaguliwa; ukilikuta limefungwa, siku yako imekwenda, na ukikosa siku kadhaa mfululizo, msimamizi anazoea uso wa mwingine. Wa Mama ulikuwa umezoeleka miaka mingi. Kisha bodaboda ikamwangusha, nyonga ikaharibika, na mwendo aliokuwa akiumaliza huku akipiga soga na wenzake ukawa mateso. Ngazi za gari hakuweza kuzipanda, na hata angeweza, asubuhi barabara yetu husimama tu kwa msongamano. Nikamwambia akae nyumbani, nitamlisha.

"Mama," akaniambia, maana nilipewa jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "mimi si kuku wa kufungiwa. Nitafutie njia."

Njia ilikuwepo. Nyuma ya maghorofa ilipita reli nyembamba ya zamani, iliyokuwa ikiingiza mizigo kwenye magodauni. Sijaona garimoshi juu yake tangu nizaliwe. Watu waliianikia mazulia na mablanketi. Nayo ilinyooka hadi karibu na ukuta wa kiwanda cha Mama. Kila nilipoiangalia nilikasirika: chuma kizuri namna ile kimelala bure, na mama yangu anachechemea kando yake.

Nikaanza kuunda kigari. Mabomba mepesi ya mraba yaliyobaki kwenye kazi za watu, kiti cha plastiki nilichokikata miguu, tandiko, pedali na mnyororo wa baiskeli, magurudumu manne ya chuma yenye ukingo wa kushikilia reli kwa ndani. Nilitaka kiwe chepesi kiasi cha watu wawili kukinyanyua bila kuomba msaada.

Siku ya kukijaribu, Jumapili baada ya kanisa, wapangaji wote wa ploti yetu walitoka. Tukakibeba, tukakiweka, nacho kikaanguka pu! Magurudumu yote yakatua kwenye kokoto, nje ya reli, na kigari kikakalia tumbo kama kuku anayeatamia.

"Fundi, sasa hii ni gari ama ni kitanda?" akauliza jirani yetu muuza viatu.

Walicheka hadi wakashikana mabega. Mama alicheka kuliko wote. Mimi niliona aibu, nikatamani kurudi ndani nikalale.

Kosa lilikuwa la kazi yangu. Geti hupimwa nje kwa nje, kutoka ubavu huu hadi ubavu ule, na mkono wangu ulikuwa umezoea hivyo kwa miaka. Reli haitaki hivyo. Reli hupimwa ndani kwa ndani, pale ukingo wa gurudumu unapokaa. Nikakata nondo nene iliyoingia sawasawa katikati ya vyuma viwili vya reli, kama mita moja hivi, nikailainisha ncha, na ikawa ndiyo kipimo changu. Nilipomaliza kupimia, Mama akaitwaa. Ilikuwa ndefu kidogo kwa fimbo lakini ilimfaa kutembelea.

Jumapili iliyofuata kigari kilikaa. Mimi kwenye tandiko nakanyaga pedali, Mama nyuma yangu kitini na nondo magotini, kengele ya baiskeli ikilia ili wenye mablanketi wayaondoe. Kesho yake alifika kazini mapema hadi akapata muda wa kunywa chai. Mwezi mzima hakukosa geti hata siku moja, na mimi nilitembea na kifua mbele mtaani.

Ndipo wakazi tukaitwa kwenye ukumbi wa mtaa kuonyeshwa mpango mpya wa usafiri wa mjini. Mhandisi mmoja, kijana mwenye sauti ya upole, akatuonyesha ukutani picha za vigari vya watu wawili wawili vinavyojiendesha juu ya reli nyepesi, iliyoinuliwa kwa nguzo, kila kimoja kikimpeleka mtu anakokwenda bila kusimama njiani. Nilivipenda, nakiri. Wazo lilikuwa langu kabisa, ila lilikuwa limeoga. Nikanyoosha mkono, nikauliza Kware vitasimama wapi. Akafuata mstari kwa kidole kutoka mtaa wa Komarock hadi katikati ya mji. Hapakuwa na kituo kwetu.

"Wakazi wengi wa Kware hutembea," akasema, "kwa hivyo hatukuwahesabu kama wasafiri."

Nikasimama. "Mama yangu alikuwa anatembea kwa sababu hamkumletea cha kupanda," nikamwambia. "Na sasa hatembei."

Ukumbi ukapiga makofi. Akaniuliza nina maana gani, nami kwa majigambo nikamweleza kila kitu, hadi mahali reli inapoanzia. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kigari.

Alhamisi iliyofuata asubuhi, nusu ya njia, tukakuta wanaume wawili wenye sare wamesimama katikati ya reli.

"Madam, hii kitu iko na leseni?"

"Na hii reli iko na garimoshi?" nikauliza.

Walikinyanyua wawili tu, kirahisi, wakakitupa kwenye pikapu yao. Nilijuta kukifanya chepesi.

Mama hakuwatukana. Alishika nondo yake, akaanza kutembea, nami nikamfuata nikilia kwa hasira. Tulifika geti likisukumwa kufungwa. Mama akaichomeka nondo kwenye mwanya uliobaki, na geti likagoma.

"Mathe, toa hiyo chuma," bawabu akasema.

"Nitaitoa nikiwa ndani."

Bawabu akaangalia nondo, akamwangalia Mama, akalirudisha geti nyuma.

Jioni Mama alinikuta kwenye kibanda changu cha kazi nikichomelea fremu ya geti la mteja. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa maumivu. Akaweka nondo mezani mbele yangu.

"Wamechukua gari," akasema. "Kipimo hawakukiuliza. Jumatatu sitembei, mama."

Kisha akaiacha palepale, akaenda zake nyumbani akishika ukuta. Nikalisukuma kando geti la mteja, nikaichukua nondo, nikaanza upya.