Lebo ya Mbawakawa wa Mhezi

Kaka yangu ndiye aliyemwona. Tulikuwa msituni juu ya Mhezi. Mimi nilikuwa msaidizi wa mtafiti wa wadudu kutoka chuo kikuu, naye kaka tulimwomba atuonyeshe njia. Akasimama penye gogo lililoanguka, akaweka panga chini, akanyoosha kidole. Mbawakawa alikuwa mdogo kama punje ya mchele, mweusi, mwili una vinyweleo, mgongoni amepitiwa na mikanda ya manjano. Alikuwa amemkamata bungua, mdudu anayetoboa miti, anamtafuna taratibu. Kaka alisema miaka yote anayotafuta kuni hajawahi kumwona wa namna hiyo. Alimshika kwa vidole viwili, akamtia kwenye chupa yangu.

Jioni niliandika lebo. Karatasi yenyewe ndogo kama ukucha: mahali, tarehe, mwinuko, na jina la aliyemkusanya. Nafasi ilitosha jina moja. Niliandika langu. Kaka alikuwa jikoni anaota moto, nami nilijiambia karatasi kama hiyo itamsaidia nini.

Masika yaliyofuata kilima kiliporomoka, kikafunika shamba la maharage la kaka. Alikuwa humo.

Maelezo ya kisayansi yalitoka miaka mitatu baadaye. Mtafiti alinitumia kwenye simu: spishi mpya, iliyoelezwa kutokana na kielelezo kimoja tu, yule mbawakawa aliyekamatwa na kaka. Nilipanda nyumbani kutoka Same mjini nikamsomea mama kwa Kiswahili, nikichanganya Chasu, lugha yetu ya Upare, pale nilipokwama. Urefu wa mwili, pingili za vipapasio, vitundu kwenye mbawa ngumu za juu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya ungo.

"Na yeye wamemwandika wapi?" aliuliza.

Nilimwambia kwamba jina lililoandikwa kwenye lebo ni langu, si la kaka, na aliyeliandika ni mimi. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama lebo inafutika. Nikasema nitauliza.

Mtafiti alinijibu kwa upole. Angeweza kumtaja kaka katika makala nyingine, lakini lebo ya kielelezo haibadilishwi. Jibu hilo nilimpelekea mama Jumapili, baada ya ibada. Alisema amesikia. Akachukua mundu kwenda kukata majani ya ng'ombe, na nilipotaka kumfuata akaniambia niwahi gari.

Tangu siku hiyo hajaniuliza tena habari za kazi yangu.