Usijinyime Maji kwa Kuogopa Mkojo

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu, ile niliyoanguka kwa kiu shambani ndiyo nisiyoisahau. Nilianguka kwenye mpunga, bondeni huku karibu na Ikwiriri, na dumu la maji limejaa kivulini chini ya dungu, kile kibanda cha juu tunacholindia ndege. Wenzangu walidhani ni jua. Mama mkwe wangu, Bi Somoe, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye peke yake aliyegundua kwamba tangu alfajiri sikutia tone kinywani, na wala hatukuwa katika mfungo.

Mtoto wangu wa tatu ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Tangu nimzae, nikikohoa, nikicheka au nikiinua kiroba, mkojo ulinitoka bila ruhusa yangu. Si mwingi, lakini kanga haifichi. Nikavaa mbili. Nikaacha kwenda tarawehe na wanawake wenzangu, nikiogopa kwamba nikisujudu udhu utatenguka. Mume wangu alipouliza mbona sicheki naye kama zamani, nilimjibu nimechoka. Mwisho nikajitibu kwa akili yangu mwenyewe: nikaacha kunywa maji. Kumbe nilikuwa naongeza shida juu ya shida, maana mkojo ulizidi kuwa mkali na kuchoma, na haja ikawa haiishi kunibana.

Bi Somoe alinipandisha dunguni, akaninywesha, akasubiri wenzetu warudi kazini. Alikuwa Mmatumbi wa maneno machache; akisema, ujue ameshayapima.

"Unajinyima maji kwa sababu ya mkojo," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikainamisha uso. Akaendelea kwa sauti ya chini, lakini kali.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Mimi wangu nimeuficha tangu nilipomzaa mumeo. Niliambiwa hiyo ndiyo ada ya uzazi, nikaamini. Nikaacha ngoma, nikaacha safari, nikaacha hata kucheka. Wewe sikuruhusu."

Nilimtazama kama ninayemwona kwa mara ya kwanza. Miaka yote ile nilidhani hapendi watu tu.

Akanipeleka Kibiti, kwenye kituo cha afya. Muuguzi wa pale, mama mtu mzima, aliuliza mkojo unatoka wakati gani, akaupima, akanipa dawa ya kule kuchoma. Kisha akanieleza kwamba chini ya nyonga kuna misuli iliyoshika kibofu na mji wa mimba, kama kamba za kitanda zinavyoshika godoro. Uzazi huilegeza misuli hiyo, na mazoezi huikaza tena. Akanifundisha kwa maneno. Nikarudi nyumbani nikakaza kila siku, mpaka jasho. Sikuona nafuu. Nilitaka kuacha, lakini Bi Somoe hakutaka hata kulisikia neno hilo, na muuguzi akatuandikia twende Dar es Salaam kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Mtaalamu alikuwa binti mdogo kwangu. Alifunga mlango, akavuta pazia, akanieleza kila kitu kabla hajafanya lolote, na akasema nikikataa hatakasirika. Alinipa kifaa chembamba kama kidole, nikakiingiza mwenyewe katika njia ya uzazi. Waya wake ukaenda kwenye kompyuta, mwingine akanibandika tumboni, na mistari miwili ikaonekana kiooni. Akaniambia nikaze. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, na mstari wa misuli ya nyonga ukalala palepale. Uliopanda ni ule wa tumbo.

"Unasukuma chini, mama," akasema kwa upole. "Umebana matako na umekata pumzi. Pumua. Sasa fanya kama unayezuia upepo usikutoke mbele za watu, halafu vuta juu, kwa ndani."

Nikavuta. Mstari ukainuka. Nikalegeza, ukashuka. Nikavuta tena, ukainuka tena, na machozi yakanitoka. Mashine haikunitibu, mwanangu, ilinionyesha. Bidii nilikuwa nayo, ila niliielekeza kusiko.

Bi Somoe mwenyewe alikataa kupimwa, akisema uzee wake hauna haja ya waya. Lakini ndani ya basi, tulipovuka Mkuranga, alinyamaza muda mrefu hata nikaingiwa na wasiwasi. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Niache," akasema. "Nakaza."

Haba na haba hujaza kibaba. Haikuwa siku wala wiki, ilikuwa miezi. Msimu uliofuata niliinua kiroba nikiwa mkavu. Nilimweleza mume wangu yote, naye akakiri alidhani nimemchoka yeye. Bi Somoe hakupona kabisa, sitakudanganya, lakini alipata nafuu kiasi kwamba alikwenda Nyamisati, akapanda boti mpaka Mafia kumwona dada yake, aliyekuwa hajamtembelea kwa miaka kwa kuogopa safari tu. Walikaa pamoja mwezi mzima.

Basi nisikie. Ukizaa, na mkojo ukawa unakutoka unapokohoa, usiseme ni ada. Nenda ukaonwe, ufundishwe, na uulize kama unakaza panapostahili. Kaza, hesabu polepole, legeza kabisa, rudia, kila siku. Na kabla ya kupiga chafya au kuinua mzigo, tangulia kukaza. Usijizoeze kwa kukata mkojo chooni, wala usijinyime maji. Ikiwa mkojo unakutoka mchana na usiku bila kukoma, hasa baada ya uchungu mrefu, hilo ni jambo jingine: kimbilia hospitali usisubiri. Na ukimwona mwenzio amejitenga na watu, usimwite mwenye maringo. Kaa karibu naye, umuulize kwa siri.

Mwenyezi Mungu akupe uzazi mwepesi na mwili wenye nguvu, akukutanishe na wa kukuambia kweli, na akujaalie ucheke kwa sauti mpaka uzeeni. Amina.