Safari Iliyoishia Jozani

Mwalimu mgeni aliyekuja kutufundisha sisi makarani wa ghala la karafuu bandarini alikuwa na somo moja asilochoka nalo: mzigo ukikwama njiani, mjulishe mapema anayeungojea. Mimi ndiye niliyelishika vizuri kuliko wote. Nilikuwa na sekondari tu, lakini alinipendekeza niende Ulaya nikasomee jinsi bidhaa zinavyoagizwa, zinavyohifadhiwa na zinavyosafirishwa baina ya nchi na nchi, kisha nirudi kuwa mhadhiri. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na Unguja hatukumjua mtu wa fani hiyo.

Mama aliitangaza safari mtaa wetu mzima wa Mpendae. Siku ya kuondoka ilisomwa dua, ukapikwa pilau, nikapitishwa chini ya msahafu. Jirani yetu, bi mmoja mtu mzima aliyenipakata tangu mchanga, alinipa visheti.

"Ule huko kwenye baridi, Profesa."

Bandarini nikaambiwa kibali changu cha kusafiri hakijatoka.

Nilikaa Forodhani na sanduku langu mpaka visheti vikamalizika. Nilipobisha hodi nyumbani, Mama alidhani nimesahau kitu. Nilipomweleza, jambo la kwanza alilofanya ni kufunga mlango.

"Pilau ya watu haijashuka tumboni," alisema. "Ntawatazama vipi?"

Asubuhi, kabla majirani hawajatoka, nikapanda gari la shamba kwenda kwa shangazi yangu karibu na Jozani, ningoje kibali huko. Kwa watu wa Mpendae, mimi nilikuwa Ulaya.

Miezi ikapita. Nilipalilia muhogo na kufukuza kima. Siku moja kukawa na maziko pale kijijini, nami nikatumwa maji. Njiani, na ndoo mkononi, nikakutana uso kwa uso na yule jirani yetu. Marehemu kumbe alikuwa ndugu yake.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu." Akaitazama ndoo, kisha miguu yangu. "Ulaya nako kuna matope?"

Akajitanda kanga yake vizuri, akapita.

Nilijua tumekwisha. Lakini Mama alipokuja kuniona Ijumaa iliyofuata, alikuwa na furaha.

"Jirani kaniuliza tena, 'Mwanetu baridi anaiweza?' Nkamwambia anaiweza, ila samaki tu anawakosa. Akasema, 'Maskini! Nisalimie.'"

Alisimulia akicheka, akijiona kajibu vizuri. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Jirani alikuwa akimpa Mama nafasi ya kusema uongo, na Mama hakujua kwamba anasitiriwa.

Kibali hakikutoka kabisa. Niliporudi Mpendae na sanduku langu, watu walikuwa barazani. Kabla yeyote hajafungua mdomo, bi yule alitoka na sahani ya visheti.

"Karibu, Profesa! Baridi imekushinda, eh? Si nilisema huyu mtoto wa jua!"

Barazani wakacheka, wakanipa pole ya safari. Mama naye akacheka, akaapa kwamba nimekonda kwa baridi. Niliinama kuubusu mkono wa jirani nisilazimike kumtazama machoni.

Tangu hapo nimeishi miji mingi, katika bandari nyingi, na uhadhiri sikuupata. Kila nihamapo huondoka bila kumuaga mtu.