Mpishi Aliyegoma Kula Sinia

Kibokoni ukitaja biriani umemtaja Muhdhar. Miaka ishirini na sita amepikia arusi za Mji wa Kale, na hakuna aliyemuona akipima chumvi kwa kijiko. Sufuria tatu zikipangwa uchochoroni juu ya mawe, moshi ukapanda mpaka madirisha ya juu, yeye yupo katikati na kikoi chake, anazitukana kuni kama watu.

Sasa kuna dasturi moja mtaani kwetu. Sinia la kwanza haliendi kwa bwana arusi. Linawekwa mbele ya baba mwenye arusi na wazee wake, na mpishi ananawa mikono, anakaa nao, anakula. Si kuonja. Anakula upande wake mpaka chini ya sinia kuonekane. Mpishi akila, ukumbi mzima unasema bismillahi. Mpishi asipokula, jina lake limekwisha. Watasema nyama imechacha, au katia kitu.

Ndiyo maana Muhdhar alikula biriani kuliko mtu yeyote kisiwani. Arusi ya Alhamisi, ya Ijumaa, ya Jumapili. Siku zisizo na arusi alipasha mabaki, au akala mkate mweupe na chai ya sukari vijiko vinne. Mboga aliziita nyasi. Mkewe, Bi Swabaha, alikuwa akipika mchicha anaula peke yake.

Tumbo lilianza kumsumbua mwaka wa tisini na sita. Aliendesha siku tatu, akaenda dukani akanunua vile vidonge vya rangi mbili, bila cheti cha daktari, tumbo likafunga. Mwezi wa pili yake, tena. Vidonge tena. Halafu vikafuata vidonda vya mdomo, na mafua ambayo watu wengine huyamaliza kwa wiki, yeye anakaa nayo mwezi. Ilipokuja mvua ya Elninyo mwisho wa tisini na saba, maji ya vyoo yakaingia visimani, watu wengi waliugua wakapona. Muhdhar aliugua mara tatu. Mara ya tatu Bi Swabaha alimshika mkono mpaka kliniki moja ndogo Makadara, kikoi kinamvuka.

Daktari alikuwa mama mfupi wa Kiluhya, Nasipwondi, si mtu wa kucheka ovyo. Alimtia maji ya mshipa, akamuuliza anakula nini. Muhdhar akaeleza kwa fahari, sahani kwa sahani. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mzee, askari wengi wa mwili wako wanakaa tumboni. Wewe umewanyima chakula."

"Nimewanyima? Mimi nawashinda kula Wareno wote waliopita Ngome ya Yesu."

Daktari hakucheka. Akamueleza polepole kwamba ndani ya utumbo kuna vijidudu ambavyo si maadui, na vyenyewe vinakula yale makapi sisi hatuwezi kuyasaga: ya mboga, ya kunde na mbaazi, ya mtama usiokobolewa. Vikishiba, ukuta wa utumbo unashikamana, na kinga ya mwili inajua nani wa kupigwa na nani wa kuachwa apite. Vikikosa, ukuta unalegea na kinga inavurugika, inapigana na isichopaswa kupigana nacho. Na vile vidonge vya rangi mbili, kila ukivimeza ovyo, vinaua wabaya na wazuri pamoja. Hakumuahidi chochote. Alimwambia achemshe maji, aache vidonge asivyoandikiwa, aanze mboga na mbaazi na maziwa lala, yale yaliyoganda, kidogo kidogo tumbo lisishtuke. Biriani ale tonge chache, tena si kila siku.

Muhdhar alitoka amenuna. Siku mbili akasema yule mama hajui chakula. Siku ya tatu akaenda kwa Kache, Mgiriama anayeuza mboga palepale Makadara, akanunua mchunga huku anatizama nyuma kama mtu anayenunua bangi.

"Ni mboga hiyo, mzee," Kache akamwambia. "Hakuna anayeshikwa."

Ramadhani ikaingia. Badala ya sambusa kumi akawa anafuturu kunde, mtama na maziwa lala. Wiki ya kwanza tumbo lilijaa gesi, akawatukana askari wake mmoja mmoja. Akaendelea. Ilipofika Idi, mwezi mzima hakuendesha. Vidonda vya mdomo vimekauka. Mafua yalimshika mara moja, yakamwacha baada ya siku tano, akahesabu kwa vidole.

Barazani hawakumwacha. Khubaib, fundi wa kofia, alimuuliza mbele ya watu: "Ami, arusi yako ijayo tuje na kofia au tuje na pembe, tule nyasi?" Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Basi Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ikaja arusi ya kijana wa Aidarus, mwenye duka la leso. Chakula cha siku mbili, watu mia tatu kila siku. Aidarus ni mtu ambaye akikuita, mwaka mzima wengine watakuita. Akikuacha, wanakuacha. Bi Swabaha alijua, akamsihi mumewe asubuhi ile ale kama zamani. Leo tu. Siku moja haiui.

"Hii siku moja ndiyo nimeila miaka ishirini na sita," Muhdhar akamjibu. Akachukua bakuli lake, akalifunika kitambaa.

Adhuhuri watu wameketi mikekani, sinia la kwanza limetua. Na tangu ile mvua watu walikuwa wanaogopa chakula cha nje, kwa hivyo macho yote yalikuwa kwenye mkono wa mpishi. Muhdhar akala tonge la kwanza. La pili. La tatu, na pande la nyama. Kisha akafunua bakuli lake, mbaazi na mchunga, akaanza kula hilo.

Hakuna mkono ulioshuka kwenye wali.

"Mpishi anaogopa sufuria yake," Khubaib akasema kutoka nyuma.

Aidarus aliinama karibu, sauti ya chini. "Muhdhar, unaniaibisha. Kula."

Muhdhar akasimama, vidole bado vina mafuta.

"Mumeniona nimekula, tonge tatu na nyama. Sasa niwaulize. Miaka ishirini na sita, nani aliyekula chakula changu akaugua? Asimame."

Hakuna aliyesimama. Hata Khubaib alitizama mkeka.

"Aliyeugua ni mimi. Nyinyi biriani mwaila mara moja kwa mwezi. Mimi naila kila arusi, ili nyinyi mukae na amani. Tumbo hili si cheti chenu. Chakula ni kizuri, kuleni. Mimi nala changu."

Akakaa. Mzee mmoja aliyekuwa kushoto kwake akakohoa, akasema bismillahi, akatia mkono. Baada yake wengine. Mwisho yalisikika masinia tu.

Aidarus naye alikula, bila kumtizama. Walipokwenda kunawa akamwambia, "Kesho usije. Nitamwita mwengine."

"Haya," Muhdhar akasema, akanawa mpaka viwiko.

Mwezi ule alipoteza arusi nne. Bi Swabaha hakusema "nilikwambia", lakini alivyokuwa akiweka vyombo ulisikia. Wiki ya tano akaja bwana mmoja wa mtaa wa Kuze, anamwoza binti yake, akasimama mlangoni akizungukazunguka maneno: kwamba watu wanapenda mkono wake, lakini ile dasturi, wazee watasemaje.

"Nitapika tangu alfajiri," Muhdhar akamwambia. "Nitakula tonge tatu mbele ya watu, kisha nitakula changu, hapohapo, si jikoni. Hutaki, tafuta mpishi mwenye tumbo la kukodisha."

Yule bwana akauliza zitahitajika sufuria ngapi.